Afisa Ugavi na Pimbi

Chediel alikuwa amekalia kiti cha Afisa Ugavi wa chama cha ushirika kwa muda mrefu hivi kwamba hata mke wake, akiudhika, alimwita kwa cheo. Kisha biashara ikafunguliwa. Malori ya watu binafsi yakaanza kuingia Singida kununua alizeti na vitunguu mlangoni kwa mkulima, na ushirika, uliozoea kungojewa, ukajikuta wenyewe ndio unaongoja. Wafanyakazi wakapunguzwa, wakapunguzwa tena, mpaka ofisi ikabaki na mlinzi na mhasibu, na huyo mhasibu alikuwa likizo.

Chediel akarudi nyumbani na suti zake za Kaunda, kalenda ya ukutani na chupa ya chai. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mwisho mjini, upande wa ziwa Kindai, mahali ambapo yale mawe makubwa yamepandana kana kwamba aliyekuwa akiyapanga aliitwa, akaacha kazi katikati. Chini ya mwamba mmoja mkubwa ardhi ilikuwa na unyevu hata kiangazi, na hapo ndipo mke wake, Aneth, alipolima bustani: chainizi, mchicha, kabichi na karoti. Mboga zilikwenda sokoni kwa jirani yao, Bi Rukaiya, aliyekuwa na meza huko. Binti yao Peniel, ambaye sasa alikuwa Dodoma akisomea uuguzi, alikuwa amesomeshwa zaidi na chainizi kuliko na ugavi, ingawa jambo hilo halikuwahi kusemwa mezani.

Ndani ya mwamba waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama wa ukubwa wa sungura, mnene, hana mkia, na uso wake ni wa mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Asubuhi walitoka kwenye nyufa wakaota jua, wamejilaza juu ya jiwe kama maandazi. Jua likishawapasha, walishuka kula. Walikuwapo siku zote, ila mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali na vichaka vya kule nyuma vilikuwa vimekatwa kwa mkaa, kwa hiyo kijani pekee walichokiona kutoka juu kilikuwa cha Aneth.

Aneth aliwafukuza kama anavyofukuza kuku: kwa mdomo, na jiwe likiwa karibu, kwa jiwe. Walikimbia, walirudi, akawafukuza tena, siku ikaisha. Chediel alilitazama jambo hilo kutoka barazani juma zima, kisha akasema, "Mama Peniel, hii ni hasara isiyo na udhibiti."

"Ni pimbi, Baba Peniel."

"Pimbi ni dalili. Tatizo ni mpango."

Tangu siku hiyo, kila baada ya chai ya asubuhi, kukawa na kikao. Chediel alikaa kwenye kiti, Aneth alikaa kwenye kigoda akichambua mchicha wa kupeleka sokoni. Chediel alifungua kwa kupitia yatokanayo na kikao cha jana, kisha akaeleza hali ya wanyama waharibifu, kisha mkakati wa siku. Aneth alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa amelelewa vizuri.

"Kuna mengineyo?" Chediel akauliza siku moja.

"Yapo. Ndoo ziko mlangoni na hazijajaa."

"Hilo litaingia kwenye ajenda ya kesho."

Mkakati wa kwanza ulikuwa pilipili. Chediel aliponda pilipili kali, akachanganya na maji, akanyunyizia matuta yote kwa mkono wake. Pimbi walinusa, wakapumzika, wakala. Aliyeumia ni Bi Rukaiya, aliyekuja jioni ameshika fungu la chainizi kwa vidole viwili.

"Baba Peniel, habari za kutwa. Nina mteja amerudi sokoni akiuliza kama hii mboga imeshapikwa mahali pengine."

"Mwambie aioshe vizuri."

"Ameiosha. Ameosha na mdomo. Bado analia."

Mkakati wa pili ulikuwa uzio wa miiba. Chediel alikata matawi ya migunga, akayazungushia bustani yote, akaacha mlango mdogo upande wa nyumba. Pimbi walipita chini yake. Suruali ya Chediel haikupita. Aneth aliishona bila kusema neno, na huko kutosema kulimuuma Chediel kuliko miiba.

Ndipo akatengeneza sanamu. Hakutaka kile kitu cha gunia na kibuyu ambacho watu huweka shambani. Alichukua nguzo, akafunga fito ya mabega, akajaza nyasi, kisha akaivika suti yake ya kijivu ya mikono mirefu, ile ya mikutano ya mkoa. Juu akaweka kofia yake ya pama. Mkono mmoja aliunyoosha mbele, ukielekeza mwambani, kama mtu anayemwambia mwenzake toka ofisini kwangu. Kwa kuwa Chediel mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba, sanamu nayo ilitoka hivyo hivyo.

Aneth alisimama na keni ya kumwagilia mkononi, akaitazama mbele na nyuma.

"Suti nzima?"

"Mamlaka, Mama Peniel. Mnyama anaijua mamlaka."

"Ajabu. Wenye malori hawakuijua."

Mwanzoni pimbi hawakushuka. Walikaa juu ya jiwe wamebanana, wanatazama. Chediel alitembea uani mikono nyuma, akafungua redio, akasikiliza taarifa ya habari kama mtu ambaye mambo yake yako sawa. Kisha asubuhi moja alimkuta pimbi mmoja anaota jua miguuni pa sanamu. Kesho yake mwingine alikuwa amekaa begani, anatafuna jani la kabichi na kuangalia mji.

Chediel hakuiondoa sanamu. Kuiondoa kungekuwa kukiri, na hakuwa tayari kukiri mbele ya Aneth. Aliiacha isimame pale, naye akahamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba, kwenye kivuli, ambako hakuiona. Hata vikao vya asubuhi vikaisha. Alikunywa chai, akakaa. Jua likihama, alihamisha kiti. Kanisani alikuwa ameacha kwenda tangu apunguzwe, kwa sababu pale mlangoni kila mtu angemshika mkono na kumwambia pole, na yeye hakujua pole hujibiwa vipi na mtu aliyekuwa akiidhinisha mafuta ya malori.

Njia ya kwenda mjini ilipita juu kidogo ya bustani, nyuma ya uzio wa miiba. Katika njia hiyo alipita kila asubuhi Manase, aliyekuwa mesenja wa ofisi ile ile. Manase naye alikuwa amepunguzwa, lakini hakukaa. Alianza kuuza mitumba, akipita nyumba kwa nyumba na mashati begani na suruali mkononi. Asubuhi moja aliona kule chini suti ya kijivu anayoifahamu, kofia anayoifahamu, na mkono ulionyooshwa kwa namna anayoifahamu zaidi. Akasimama.

"Shikamoo mzee."

Hakujibiwa. Manase hakushangaa sana. Ofisini pia mzee hakuwa mwepesi wa kujibu. Lakini alipopita jioni, mzee alikuwa amesimama pale pale. Kesho yake vilevile. Kusogea karibu hakuthubutu, kwa sababu hakuwahi kumsogelea Afisa Ugavi bila kuitwa. Siku ya tatu alikutana na Aneth njiani, na beseni la mboga kichwani.

"Shikamoo mama. Mzee hajambo?"

Aneth aligeuka, akaona Manase anatazama wapi. Akaelewa. Kwa haki angeweza kumwambia palepale. Lakini alikuwa ameteka maji asubuhi ile peke yake, akamwagilia peke yake, na alipopita uani alikuwa amemwacha mume wake anahamisha kiti.

"Marahaba. Yupo, anaendelea," akasema.

"Namwona amesimama tu."

"Ndivyo alivyo siku hizi. Hasogei."

"Anakula?"

"Yule? Hali. Wanaokula ni wengine."

Manase akatikisa kichwa, akasema pole mama, akaenda zake mjini na mashati yake. Mtu anayeuza mitumba nyumba kwa nyumba huingia nyumba nyingi. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeenea kanisani kote kwamba Mzee Chediel, tangu apoteze kazi, husimama bustanini kutwa nzima mkono mbele, hali, hasemi, na wanyama wamemzoea hata wanampanda.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, ujumbe wa kanisa ulishuka kwa ile njia ya juu. Alikuwapo Mwinjilisti Elisha, mtu mpole aliyezungumza taratibu hata alipokuwa na haraka. Alikuwapo Mama Magdalena wa umoja wa wanawake, ambaye macho yake hayakuwa mazuri lakini moyo ulikuwa mzuri sana, na Manase alikuja nyuma yao kama shahidi. Jua lilikuwa linawapiga usoni. Mwinjilisti alikuwa amejikinga kwa mwamvuli wake mpya mweusi, wa kubonyeza, wa aina iliyokuwa imeanza kujaa madukani miaka ile. Walipofika kwenye uzio wa miiba, miiba ikawazuia.

"Yule pale," Manase akanong'ona.

"Masikini, amekonda," akasema Mama Magdalena.

Mwinjilisti akafunga mwamvuli kwa heshima. "Mzee Chediel," akaita, "ni sisi wenzako. Hatukuja kukulazimisha kusema." Alisubiri. Mzee hakusema. "Basi tutaomba kutokea hapa hapa." Wakafumba macho, na Mwinjilisti akaanza kumwombea mtumishi Chediel ambaye amesimama peke yake katika bonde, apewe nguvu ya kukaa chini, arudishiwe hamu ya kula, na mkono wake ushuke.

Upande wa pili wa nyumba, Chediel alikuwa kwenye kiti. Alisikia jina lake. Alidhani ni redio, lakini redio ilikuwa imezimwa ili kuokoa betri. Akasikiliza vizuri, akasikia kwamba hali chakula. Akainuka, akazunguka nyumba na kikombe cha chai mkononi na kipande cha kiazi mdomoni, akawakuta watu watatu wamefumba macho wakiielekea suti yake, na pimbi mmoja begani mwa suti anawatazama.

Alimeza kiazi kwanza. Kisha akauliza, "Mnamwombea nani?"

Mwinjilisti akafumbua macho. Aliona Chediel mmoja amesimama bustanini na Chediel mwingine anakuja na chai. Akarudi nyuma hatua moja, kidole kikabonyeza, na mwamvuli ukafunguka wenyewe kwa kishindo, mweusi, mkubwa, ukielekea mwambani.

Kilio cha pimbi kilichotoka juu ya jiwe kilikuwa kikali kama filimbi ya refa. Yule wa begani aliruka. Waliokuwa kwenye kabichi, ambao hakuna aliyekuwa amewaona, walitoka kila upande kama maharage yaliyomwagika, wakapita chini ya miiba, wakapanda jiwe na kupotelea kwenye nyufa. Bustani ikanyamaza. Jani moja la kabichi lilikuwa bado linatikisika.

"Wameona tai," Manase akasema polepole. "Wanadhani huo ni tai."

Mama Magdalena alikuwa bado anaangalia huku na huku. "Sasa Chediel ni yupi?" akauliza. "Nimpe mkono yupi?"

Hapo ndipo Aneth, aliyekuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba na mkono mdomoni tangu maombi yaanze, alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini. Manase alijaribu kujizuia kwa ajili ya cheo, akashindwa. Mwinjilisti alicheka bila sauti, mabega tu, na mwamvuli ukatikisika naye. Chediel alisimama na kikombe chake. Hakucheka bado.

Waliingizwa ndani, wakapewa chai na viazi, na Manase akaeleza yote tangu salamu ya kwanza. Manase alikaa ukingoni mwa kochi kama yuko ofisini.

"Kwa hiyo kanisa zima linajua," Chediel akasema.

"Linajua," Mwinjilisti akakiri.

"Na wanasemaje?"

Mwinjilisti akatazama ndani ya kikombe. Aliyejibu ni Mama Magdalena, ambaye hakuona sababu ya kuficha. "Wanasema ni haki yako, mwanangu. Mtu akiondolewa kwenye kiti alichokalia miaka yote hiyo, atafanyaje? Atasimama."

Chediel alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikatoka kicheko, kidogo kwanza, halafu kikamshinda, mpaka chai ikamwagika kwenye goti. Alipomaliza alijifuta macho na kumgeukia Manase.

"Ulinisalimia siku ngapi?"

"Kila siku, mzee. Asubuhi na jioni."

"Na hukuchoka?"

"Nilikuwa nimezoea, mzee."

Chediel aliweka kikombe chini. "Marahaba," akasema. "Ya zote hizo." Na akamsogezea sahani ya viazi.

Wageni walipoondoka, jua lilikuwa limeanza kupoa na ilikuwa saa ya kumwagilia. Aneth alichukua ndoo, akashuka bustanini. Baada ya muda alisikia hatua nyuma yake. Chediel alikuwa amekuja na ndoo ya pili.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ungewaambia ni sanamu."

"Manase aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia hasogei." Aneth aliinama, akamwagia tuta la karoti polepole. "Nilikuwa namtania. Halafu nilipofika sokoni nikaona mbona nimesema kweli."

Chediel alitazama suti yake iliyosimama pale, imechafuliwa begani na kinyesi cha pimbi, kisha akaenda kisimani. Alirudi, akaenda tena. Maji mengi yalimwagikia kwenye viatu, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya ndoo, na Aneth alijifanya haoni.

Mwinjilisti alikuwa ameuacha ule mwamvuli. Alisema mvua bado iko mbali, na kwa jua atavumilia. Chediel aliufunga kwenye fito ndefu na kuusimika katikati ya bustani ukiwa wazi. Ulifanya kazi siku chache tu, kisha pimbi wakaja kupumzika kwenye kivuli chake. Kumbe kilichowatisha si mwamvuli, ni kufunguka kwake, na mwamvuli haufunguki bila mkono wa mtu. Kwa hiyo ilibidi mtu awepo. Asubuhi, pimbi wanapomaliza kuota jua, na tena jioni, Chediel alishuka na mwamvuli uliofungwa, akajificha nyuma ya kabichi, akabonyeza. Wapita njia walisimama kutazama. Wengine walisalimia na kusubiri kwanza waone kama atajibu.

Na mtu akishakuwa bustanini na hana la kufanya kati ya tishio moja na jingine, mikono hutafuta kazi. Aling'oa magugu. Alifyeka majani marefu yaliyobaki kati ya mwamba na matuta, ili pimbi walazimike kuvuka mahali peupe, jambo ambalo hawalipendi kwa kuwahofia tai wa kweli. Kwenye ukingo wa mwambani Aneth alipanda vitunguu, ambavyo pimbi walionja na kuviacha. Waliendelea kuiba, lakini waliiba pembeni pembeni, mbio mbio, na Bi Rukaiya akaanza kupata mafungu mazima.

"Baba Peniel," akamwambia siku moja akipokea beseni, "mboga zako zimekuwa nzuri."

"Ni za Mama Peniel," Chediel akasema. "Mimi ni wa mwamvuli."

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Mwinjilisti alikuja kuuchukua mwamvuli wake, kwa aibu kidogo, akieleza kwamba ana safari za Ndago na mvua haingoji. Chediel aliufuta vizuri kabla ya kumpa. Kesho yake yeye na Aneth walikwenda sokoni pamoja, yeye amebeba kabichi kwenye gunia, mara yake ya kwanza kwenda huko tangu atoke ofisini. Watu walimpa pole, naye akagundua kwamba pole hujibiwa kwa asante tu, na maneno hayo yakitoka hakuna kinachoanguka. Alimkuta Manase kwenye kibanda kidogo sasa, chenye miamvuli iliyoning'inia kando ya mashati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Manase. Nipe mweusi. Ule unaolia zaidi ukifunguka."

Manase alifungua kadhaa, mmoja baada ya mwingine, na Chediel akasikiliza kila mmoja ameinamisha kichwa, huku wateja wengine wakiwatazama. Hatimaye akachagua.

Mvua iliwakuta wakirudi, karibu na ziwa, matone makubwa ya kwanza yaliyopiga vumbi na kuliinua. Chediel akabonyeza. Mwamvuli haukufunguka. Akabonyeza tena, akautikisa, akaupiga kwenye paja. Aneth alikuwa ameshavua kanga ya mabegani na kuifunika kichwani.

"Labda unafunguka kwa pimbi tu," akasema.

Walifika nyumbani wameloa mpaka mifupani. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mwamba na kuingia moja kwa moja kwenye matuta, na karoti zilikuwa zimeanza kufunikwa na tope. Hawakuingia ndani kubadili nguo. Aneth alichukua jembe, Chediel akachukua koleo, wakachimba mfereji pembeni ya bustani kuyaelekeza maji bondeni, wakiitana katikati ya kelele za mvua: hapa, hapana, juu zaidi, hapo hapo. Kwenye mwamba hakuna kilichotoka, kwa maana pimbi hawapendi kuloa. Maji yalipoanza kufuata mfereji, Chediel aliegemea mpini wa koleo akihema, viatu vimejaa tope.

"Mama Peniel," akasema, "kesho tupanue huu upande wa chini. Unaonaje?"

Aneth alipangusa maji usoni, akatazama mfereji, akatazama matuta.

"Kwanza tule," akasema.